Kutafuta habari za wanahewa na ndege zilizoanguka wakati wa vita: mwongozo kamili

Mama mmoja wa kule juu ya Nanyuki alikuwa akinyweshea kuku kwa kipande cha bati jepesi, kina matundu ya riveti yaliyopangwa sawasawa kama mshono wa cherehani. "Hiyo ni ya ndege ya vita," akaniambia, "ilianguka wakati wa baba mkwe." Basi nikafanya kosa wanalofanya wengi wanaoanza. Nikakipiga picha kile chuma pande zote, nikakipima, nikahangaika nacho miezi. Hakikuwa na namba hata moja. Kingeweza kuwa cha ndege yoyote kati ya nyingi zilizopita pale. Njia ilifunguka siku nilipokiacha kwenye banda la kuku, nikaenda makaburini na daftari.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mtu na tarehe. Chuma kitakuja baadaye. Na kabla hujaingia, jua jambo moja litakalokusumbua mpaka mwisho: karatasi hukosea, na mzee aliyeshuhudia hukosea, lakini hawakosei mahali pamoja. Karatasi hujua tarehe na majina, ikaharibu mahali. Mzee hujua mahali mpaka kwenye mti, akaharibu mwaka. Kazi yako ni kuwakutanisha.

Kwanza: andika unachokijua, ukitenganishe

Chukua ukurasa, ugawe mara tatu. Upande mmoja andika ulichokiona kwa macho yako: jiwe la kaburi, barua, picha, kipande chenye namba. Upande wa pili ulichoambiwa, na nani alikuambia, na yeye aliambiwa na nani. Upande wa tatu unachokisia. Utashangaa jinsi upande wa tatu unavyojaa haraka. "Ilikuwa ndege ya Mjerumani" mara nyingi huwa upande wa tatu, hata kama kijiji kizima kinasema hivyo.

Kisha jiulize ni vita gani. Hapa kwetu swali hili ndilo linalopoteza watu wengi. Tanzania, "vita vya Mjerumani" kwa kawaida ni ile ya 1914 hadi 1918, lakini nimesikia watu wakiitumia kwa ile ya Hitla pia. Kaskazini mwa Kenya kuna vita vya Mtaliani, 1940 na 1941, wakati Wajir na Moyale zilipigwa mabomu kutoka angani. Halafu kuna mtego wa tatu: Nyeri, Murang'a na pembezoni mwa Mlima Kenya, mzee anayekumbuka "ndege ya vita" anaweza kuwa anakumbuka Harvard au Lincoln za Waingereza wakati wa Mau Mau, miaka ya 1953 hadi 1955. Harvard zile zilikuwa na kiwanja Mweiga. Ukienda kutafuta ajali ya 1954 kwenye daftari la 1942, utatafuta hadi uzeeke.

Pili: kaburi

Waliokufa wakiwa katika majeshi ya Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola wanahudumiwa na Commonwealth War Graves Commission, yaani tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Orodha yao ina watu kama milioni 1.7 na iko kwenye intaneti, bure. Unaweza kutafuta kwa jina, namba ya askari, nchi, makaburi, tarehe. Mimi napenda kuanza na makaburi: chagua nchi, chagua makaburi, chagua jeshi la anga, kisha panga kwa tarehe ya kifo. Majina matatu au manne yenye tarehe moja na mahali pamoja, hao karibu kila mara ni watu wa ndege moja. Hapo umepata ajali bila kuwa na jina hata moja mkononi.

Kenya, angalia Nairobi iliyoko barabara ya Ngong, Nanyuki, Nakuru, Gilgil, Nyeri, Mbaraki kule Mombasa, na makaburi madogo yaliyotawanyika. Tanzania, makaburi ya vita ya Dar es Salaam ndiyo makubwa, na mengi yaliyomo yalihamishwa mwaka 1968 kutoka barabara ya Ocean, kupisha ujenzi wa barabara. Hilo lina maana kwako: mahali alipozikwa leo huenda si mahali alipozikwa kwanza, na alipozikwa kwanza huenda ni mbali na alipoanguka.

Tenga muda usome jiwe polepole. Juu kuna nembo: tai wa jeshi la anga la Uingereza, au swala kwa Mwafrika Kusini. Chini yake namba, cheo, jina, kazi, tarehe, umri. Namba peke yake inazungumza. Ikiishia na herufi V, huyo ni wa jeshi la Afrika Kusini aliyejitolea. Ikianza na J au R, tazama Kanada: J ni ofisa, R ni mwenye cheo cha chini. NZ ni New Zealand. Ikianza na 777 au 778 katika jeshi la anga la Uingereza, aliandikishwa Rhodesia ya Kusini. Hivyo hata kabla ya kufungua jalada lolote, jiwe limekwambia uende Pretoria, Ottawa au London.

Chini kabisa panaweza kuwa na maneno ya familia. Baada ya vita ya kwanza waliruhusiwa herufi 66 tu, nafasi zikihesabiwa. Yasome. Wakati mwingine yamebeba jina la mji au la mke, na ndipo utafutaji wa familia unapoanzia.

Na asiye na kaburi? Wengi wa wanahewa waliopotea upande huu wa Afrika katika vita ya pili, pamoja na Uhabeshi, Somalia na Bukini (Madagaska), majina yao yameandikwa kwenye ukumbusho wa El Alamein, Misri. Watu hawategemei. Wanatafuta Nairobi, wanakosa, wanakata tamaa. Waliopotea wakiruka juu ya bahari za upande wa Asia, tafuta ukumbusho wa Singapore.

Tahadhari moja kuhusu tarehe. Tume hiyo huhesabu vita ya kwanza mpaka 31 Agosti 1921, na ya pili mpaka 31 Desemba 1947. Kwa hiyo kuwemo kwenye orodha hakumaanishi aliuawa na adui, wala hata kwamba vita ilikuwa bado inaendelea. Nanyuki na Nakuru kulikuwa na vikosi vya mafunzo, namba 72 na namba 70, vijana wakijifunza kurusha ndege za Blenheim kwenye nchi ya milima na mawingu yanayoshuka mchana. Adui hakuwa karibu. Mlima ulikuwepo.

Tatu: daftari la kikosi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Kila skwadroni ya jeshi la anga la Uingereza ilitakiwa kuweka daftari la matukio ya kila siku. Yamehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, magharibi mwa London. Huna haja ya kujua mengi, ila jua herufi hizi: AIR 27 ni madaftari ya skwadroni, AIR 28 ni ya vituo na viwanja, AIR 29 ni ya vikosi vingine vyote, pamoja na vile vya mafunzo. Wengi huenda AIR 27, wakakosa kikosi cha Nanyuki, wakasema "kumbukumbu ziliungua". Hazikuungua. Ziko AIR 29.

Daftari lina fomu mbili. Fomu 540 ni muhtasari: siku, mahali, kilichotokea. Fomu 541 ni ya kila safari: aina ya ndege na namba yake, majina ya waliokuwemo, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maelezo. Pale ambapo ndege haikurudi, safu ya saa ya kutua huwa tupu, au kuna mstari. Ukiona nafasi hiyo tupu mara ya kwanza utaelewa kwa nini watu hushikwa na kazi hii. Vikosi vya mafunzo mara nyingi vina Fomu 540 tu, na ajali ya watu watatu inaweza kupewa sentensi moja kati ya habari za mechi ya kriketi na ugeni wa brigedia.

Namna ya kusoma: usifungue tarehe ya ajali peke yake. Soma wiki mbili kabla na mwezi mmoja baada. Kabla, utaona hali ya hewa, injini zinazosumbua, nani alikuwa likizo. Baada, utaona kikosi cha kutafuta kilichorudi, mazishi, mabaki yaliyopatikana baada ya wiki tatu na mchungaji wa ng'ombe. Nimeona watu wakinunua kurasa mbili za jalada, wakaandika "haijulikani ilianguka wapi," na jibu liko ukurasa wa tano.

Maofisa walioandika madaftari haya hawakujua Kiswahili, wala Kikuyu, wala Kisomali. Majina ya mahali waliyaandika kama masikio yao yalivyosikia. Rufiji kwenye karatasi za Waingereza za vita ya kwanza huandikwa Rufigi, na Wajerumani waliandika Rufidji. Mwanza ilikuwa Muansa, Bagamoyo ikawa Bagamojo, Dar es Salaam ikaunganishwa kuwa Daressalam. Unapotafuta kwenye mtambo wa katalogi, jaribu kila sura ya neno. Na ukikutana na jina lisiloeleweka, lisome kwa sauti kubwa mbele ya mtu wa eneo hilo. Mara nyingi atacheka, kisha atakwambia ni mto gani.

Katalogi ya Kew hutafutwa bure. Majalada mengi ya AIR 27 yamepigwa picha na hupakuliwa kwa malipo. AIR 28 na AIR 29 mara nyingi ni lazima mtu aende akayafungue. Ukiwa na ndugu au rafiki London, muombe siku moja, mpe namba kamili ya jalada na miezi unayoitaka. Ukimwambia tu "nitafutie ndege za Kenya", atarudi mikono mitupu na hasira.

Madaftari yametapakaa vifupisho. FTR ni ndege iliyoshindwa kurudi. SOC ni ndege iliyofutwa kwenye orodha ya mali, na tarehe yake huweza kuwa wiki au miezi baada ya ajali yenyewe, kwa hiyo usiitumie kama tarehe ya kuanguka.

Nne: karatasi za ajali na za mtu

AIR 81 ni majalada ya watu waliokufa, kujeruhiwa au kupotea, kuanzia Septemba 1939. Hufunguliwa kwa umma awamu kwa awamu, kwa mfuatano wa tarehe. Ndani huwa na simu za maandishi, barua za wazazi, taarifa ya aliyeona. Ni majalada mazito kwa moyo. Usiyasome usiku.

Kulikuwa pia na kadi ya ajali, Fomu 1180: kadi moja yenye maneno mafupi ya sababu, masaa ya rubani angani, hali ya hewa. Makumbusho ya jeshi la anga ya Uingereza, Hendon, ndiyo pa kuulizia kadi hizo. Mimi hutazama kwanza masaa ya rubani. Kijana mwenye masaa machache kwenye aina ile ya ndege, usiku, juu ya milima: hiyo tayari ni nusu ya maelezo, ingawa kadi mara nyingi humalizia kwa kumlaumu rubani kwa sababu rubani hayupo kujitetea. Chukulia neno "kosa la rubani" kama maoni ya kamati.

Kwa vita ya kwanza mambo hubadilika, kwa sababu jeshi la anga la Uingereza lilizaliwa tarehe 1 Aprili 1918. Kabla ya hapo kulikuwa na wanahewa wa jeshi la nchi kavu na wanahewa wa jeshi la majini, kila mmoja na karatasi zake. Maofisa wa majini wako ADM 273, maofisa wa jeshi jipya AIR 76, askari wa kawaida AIR 79, na mchanganyiko mkubwa wa taarifa uko AIR 1. Shajara za meli ziko ADM 53, na usizidharau: rubani wa ndege ya majini alikuwa mtu wa meli.

Mfano: Rufiji, Januari 1917

Tuchukue kisa kimoja ili uone jinsi vipande hivi vinavyoshikana. Edwin Rowland Moon alikuwa rubani wa jeshi la majini. Tarehe 6 Januari 1917 aliruka juu ya delta ya Rufiji, mtazamaji wake akiwa Kamanda Richard Bridgeman. Injini ikaleta matatizo, wakatua kwenye mkono wa mto, wakaichoma ndege isiangukie mikononi mwa Wajerumani. Siku zilizofuata walizunguka kwenye mikoko na vijito wakitafuta njia ya kutoka. Bridgeman alikufa kwa kuchoka na baridi ya maji. Moon akaishia mikononi mwa Wajerumani.

Sasa fikiria unaanza na hadithi ya mzee wa Rufiji: "ndege ilishuka mtoni, Wazungu wawili, mmoja akafa." Je, ni huyu? Tarehe 11 Julai 1915 kulikuwa na ndege nyingine iliyoshuka mto huohuo: Cull na Arnold walikuwa wakiongoza mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, wakapigwa, wakatua majini wakiwa hai wote wawili. Na kabla yao, Desemba 1914, rubani wa kiraia Cutler alitua na kukamatwa na Wajerumani. Ndege tatu, delta moja, miaka mitatu. Mzee akisema "mmoja akafa", unaelekea 1917. Akisema "mizinga ilikuwa ikilia", unaelekea 1915. Akisema "Mzungu mmoja peke yake", nenda 1914. Ushahidi wake haufai peke yake, lakini ukiuweka juu ya karatasi unachagua mlango.

Kwa Moon, mlango wa kwanza ni gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, ambalo hutafutwa bure kwenye intaneti: alipewa nishani ya DSO kwa siku zile, na maelezo ya nishani husimulia safari ile. Mlango wa pili ni rekodi yake ya utumishi. Mlango wa tatu ni kifo chake: alikufa 29 Aprili 1920 kwa ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, vita ikiwa imekwisha, lakini ndani ya mpaka ule wa Agosti 1921 niliokutajia. Ungetafuta mpaka Novemba 1918 tu, ungemkosa.

Tano: namba ya ndege, na chuma

Sasa tunaweza kurudi kwenye banda la kuku.

Ndege za Uingereza za wakati wa vita ya pili zilikuwa na herufi moja na tarakimu nne, au herufi mbili na tarakimu tatu, zimepakwa ubavuni karibu na mkia. Za Kiitaliano zina herufi MM na tarakimu. Za Kimarekani huanza na mwaka wa bajeti, kama 42 kisha kistari. Za Afrika Kusini nyingi zilikuwa tarakimu tu. Namba hii haitokei kirahisi kwenye mabaki, maana rangi huungua. Kinachobaki ni vibao vidogo vya injini na mihuri ya wakaguzi. Muhuri wa taji na herufi AM ni mali ya wizara ya anga ya Uingereza, basi umeshajua upande, ingawa si ndege ipi.

Picha ipigwe na rula au sarafu kando yake, kwa mwanga wa asubuhi ulalo, usifute wala usisugue. Kwa namba zilizofifia, weka karatasi nyembamba juu na upake penseli taratibu kama tulivyokuwa tukinakili sarafu tukiwa watoto.

Usichukue chochote. Kenya kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, Tanzania kuna sheria ya mambo ya kale ya 1964, na zaidi ya sheria, pale huenda pana mtu ambaye hajazikwa. Ukiona mfupa, simama, rudi nyuma, mwambie chifu au mwenyekiti wa kijiji, na polisi. Ukiona chuma chenye umbo la chupa kubwa au risasi za mkanda, usikiguse hata kwa kijiti. Miaka themanini haitoi baruti sumu yake. Na wenye biashara ya chuma chakavu wasijue mabaki yalipo, kwa sababu wiki ijayo hapatakuwa na kitu. Ndege nyingi za vita hapa kwetu zimeishia kuwa sufuria.

Sita: majeshi mengine

Waaustralia wanatendea watafiti ukarimu kuliko wote. Majalada yao ya vifo vya wanahewa, A705, mengi yamepigwa picha na husomwa bure kwenye tovuti ya nyaraka zao za taifa. Kanada wana majalada ya waliokufa vitani kati ya 1939 na 1947. Afrika Kusini waandikie kituo cha nyaraka cha jeshi, Pretoria, ukiwa na ile namba yenye V. Marekani walijaza taarifa ya kila ndege iliyopotea na watu wake. Huitwa MACR, na ina hata majina na anwani za jamaa za wakati ule. Ujerumani, nyaraka za wanajeshi ziko Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa, na makaburi hutafutwa kupitia Volksbund, shirika lao la makaburi ya vita.

Waitaliani ndio tunaowasahau, na ni jirani zetu makaburini. Kanisa la kumbukumbu lao liko Nyeri, na humo amezikwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyeshindwa Uhabeshi akafa Nairobi akiwa mfungwa tarehe 3 Machi 1942. Alikuwa jenerali wa anga. Kuta zina majina ya askari wake. Ukitafiti ndege ya Kiitaliano iliyoanguka upande wa kaskazini, anza hapo kabla ya kuandika Roma.

Saba: nyaraka za nyumbani na magazeti

Ofisi ya mkuu wa wilaya iliandika kila kitu: ng'ombe walioibwa, mvua, na ndege iliyoanguka shambani mwa mtu akadai fidia ya mahindi. Taarifa hizi ziko Nyaraka za Taifa za Kenya, Nairobi, kwenye jengo la zamani la benki barabara ya Moi, Nyaraka za Taifa za Tanzania, Upanga, na Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Uliza majalada ya wilaya kwa mwaka, usiulize "ndege", kwa sababu hayakupangwa hivyo. Fungua taarifa ya mwaka, barua za polisi, na hasa madai ya fidia. Mtu aliyeharibiwa shamba alikuwa na sababu ya kutaja mahali kwa usahihi kuliko rubani aliyekuwa mawinguni.

Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, Mambo Leo la Tanganyika na Baraza la Kenya, yana habari za vita, lakini udhibiti ulifuta majina ya mahali. Yanafaa kukuambia watu waliambiwa nini.

Nane: wazee

Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1942 sasa amepita tisini. Kwa hiyo anza na hatua hii mapema, hata kama nimeiweka mwisho. Karatasi za Kew zitakungoja.

Nenda na mtu anayejulikana pale. Salimia ipasavyo, kaa, kunywa chai, acha daftari mfukoni kwanza. Usimuulize, "Babu, ile ndege ya Blenheim ilianguka 1942, sivyo?" Ataitikia kwa heshima tu, na umeharibu ushahidi. Muulize, "Babu, ulikuwa wapi siku ile?" Kisha nyamaza. Nyamaza zaidi ya unavyoona inafaa.

Mwaka usimuulize kwa namba. Uliza ilikuwa kabla au baada ya njaa. Kwa Wakikuyu njaa ya 1943 ni ile ya mianga, ya muhogo, na watu huikumbuka vizuri. Pwani uliza kama ilikuwa Ramadhani, kisha rudi nyumbani ukahesabu: Ramadhani ya 1943 ilianza karibu na tarehe 1 Septemba. Uliza alikuwa ametahiriwa au la, mahindi yalikuwa mabichi au yamevunwa, nani alikuwa chifu. Vitu vitatu vya namna hii vinabana mwezi.

Halafu kuna saa. Mzee akisema ndege ilianguka saa nne, ni saa nne ya Kiswahili, yaani saa kumi ya karatasi za jeshi. Daftari la kikosi linaweza kuwa linatumia saa za Greenwich, na saa rasmi za hapa wakati ule hazikuwa tatu kamili mbele kama leo; kwa kipindi zilikuwa saa mbili na dakika 45. Nimeshuhudia watafiti wawili wakibishana siku nzima kama kulikuwa na ajali mbili, kumbe ilikuwa moja iliyohesabiwa na saa tatu tofauti. Muulize mzee kivuli kilikuwa upande gani wa nyumba. Kivuli hakina Greenwich.

Mwisho mwombe akupeleke. Kama miguu haimruhusu, mpe mjukuu wake simu mtembee naye, mzee abaki kwenye laini akielekeza: "Mkishavuka kijito, mgumo uko kulia?" Andika kipimo cha GPS, lakini andika pia mgumo na kijito, kwa lugha yake mwenyewe.

Kuandika matokeo

Kila sentensi iwe na chanzo chake pembeni: jalada lipi, ukurasa upi, au mzee yupi na tarehe mliyozungumza. Pale vyanzo vinapopingana, viache vipingane mbele ya msomaji. Mahali ambapo daftari linasema "maili 12 mashariki ya Nanyuki" na mzee anaonyesha magharibi, andika vyote viwili, kisha eleza unaegemea wapi na kwa nini.

Majina ya waliokufa yanaruhusiwa, yako kwenye mawe. Jamaa walio hai ni jambo lingine: usichapishe jina wala anwani ya mtu uliyempata bila ridhaa yake. Ukiwapata, andika barua fupi. Usiambatanishe picha ya mabaki kwenye barua ya kwanza. Waulize kwanza kama wanataka kuona. Ukigundua kosa kwenye orodha ya makaburi, tume hupokea marekebisho ukituma nakala ya ushahidi, mathalani cheti cha kifo au ukurasa wa daftari.

Na nakala nyingine ya kazi yako ipeleke kijijini, imeandikwa kwa Kiswahili, ina majina. Nilipomrudishia yule mama karatasi mbili zilizochapwa, alimwita kijana wake asome kwa sauti. Alipofika kwenye umri wa rubani, miaka ishirini na moja, mama aliinuka, akaenda bandani, akamwaga maji ya kuku, akakisuuza kile kipande cha bati, akakiweka juu ya kabati.